Mstari Nyuma ya Kichwa

Niliporudi Mwanza mwaka wa uhuru, nikitokea chuoni Kampala kwa meli, nilikuwa na shahada, sanduku la vitabu na tabia ambayo mama yangu aliiita ugonjwa. Sikuacha kitu bila kukiuliza kwa nini. Niliuliza kwa nini mgeni apewe kichwa cha samaki badala ya yule aliyemvua. Niliuliza kama bendera mpya itashusha bei ya sukari. Niliuliza kanisani, katikati ya mahubiri, swali ambalo sitalirudia hapa kwa heshima ya mama. Tulipofika nyumbani Igoma hakunigombeza. Alimwaga maji ya kunawa, akasema, "Kesho uende mjini kwa mjomba wako. Ana ukuta unaomsumbua. Ukauulize huo."

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kwa miaka mingi alipima magunia siku sita na kupiga picha siku ya saba, karibu na soko, kwa kamera ya miguu mitatu na pazia lililofungwa kwenye miti miwili. Upepo wa ziwani haukumwonea huruma hata siku moja. Nyumbani kwetu kuna picha ya harusi ambayo bibi harusi haonekani. Pazia lilimfunika dakika ile ile. Mwaka huo aliacha mizani, akapanga chumba kirefu nyuma ya duka la vitambaa, akakiita studio. Msimamizi wake kiwandani, mtu mwema, alimwambia nafasi yake itakuwa wazi mpaka mwisho wa mwaka, endapo mambo yatakuwa magumu. Mtaa mzima ulijua habari hiyo, na mtaa mzima ulimsubiri arudi. Mjomba mwenyewe aliniambia afadhali avue dagaa kwa kofia kuliko kurudi kwenye lile vumbi la pamba.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umekuja kupigwa picha au kunyongwa?"

Akanipa picha niione. Ilikuwa ya mfugaji mmoja wa ng'ambo ya Kigongo aliyeuza ng'ombe zake, akanunua koti, akaja kuwa mteja wa kwanza wa studio. Amekaa vizuri, mikono magotini, uso wa mtu asiyedaiwa. Na kutoka utosini kwake unapanda mstari mweusi, umenyooka, mpaka ukingo wa juu wa picha.

"Aliniuliza nani aliyemtundika," mjomba alisema. "Nikamwambia huo ni ukuta, mzee. Akasema ukuta wa nyumbani kwake hauna kamba. Akaondoka na koti lake, picha akaniachia. Kufika jioni sokoni wanapaita hapa kwa Mnyongaji."

Nikauangalia ukuta. Kuta za chumba chenyewe zilikuwa za mawe, zenye vinundu kama mgongo wa kenge, hivyo mjomba alinunua mabamba ya dari yaliyong'olewa kwenye ofisi moja iliyokuwa ikifanyiwa ukarabati. Watu waliyaita silingibodi: ndani jasi, nje karatasi ngumu pande zote mbili. Fundi seremala alijenga fremu ya mbao, akapigilia mabamba manne yaliyosimama wima, akaziba viungo vitatu kwa puti ya madirisha, mjomba akapaka rangi ya kijivu. Kwa macho yangu ulikuwa ukuta mzuri. Nilisogea, nikarudi nyuma, nikainama. Sikuona mstari wowote.

"Fungua dirisha," mjomba alisema.

Dirisha lilikuwa upande wa kushoto. Nilipolifungua, mwanga ukaingia ukiuparaza ukuta kwa ubavu, na mistari mitatu ikajitokeza kama mishipa kwenye shingo ya mtu aliyekasirika.

Hapo ugonjwa wangu ukapata chakula. Nilifunga dirisha, nikafungua. Niliazima kioo cha kinyozi wa jirani nikaurudisha mwanga kutoka mbele, mistari ikapotea. Nilipitisha ukucha: puti ilikuwa imekauka ikadidimia, na kingo za mabamba hazikulingana, moja juu kidogo, nyingine chini kidogo.

"Mjomba, hapa hakuna mstari. Kuna kivuli."

"Mteja hajali jina lake."

"Basi tuhamishe kamera. Mwanga uje kutoka mbele."

Alinikalisha, akanipiga picha moja kwa mwanga wa mbele. Baadaye akaileta mbichi, inadondosha maji. Ukuta ulikuwa safi kabisa. Lakini uso wangu ulikuwa kama chapati yenye macho.

"Pua iko wapi?" aliuliza. "Pua ya ukoo mzima umeipeleka wapi? Mwanga wa ubavu ndio unaochonga uso. Nikiuacha huo, heri nirudi kupima pamba."

Tukamwita fundi. Alikuwa mtu wa mjini hasa, baba wa kabila hili, mama wa kabila lile, mwenyewe akisema kwao ni pale randa yake ilipo. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kufuma, akatazama mistari bila aibu yoyote.

"Mimi nimekupa ukuta. Umesimama. Haujamwangukia mtu. Unataka nini tena?"

"Nataka viungo visionekane," mjomba alisema.

"Piga vibao vyembamba juu yake, kama dari zote za dunia."

"Nitakuwa na mistari minene badala ya myembamba."

"Basi wateja wakae katikati ya bamba, mbali na kiungo. Ukuta si wako? Wapange!"

Tulijaribu hata hilo. Mtu mmoja mmoja ilifaa, ingawa mstari ulibaki begani kama fimbo aliyosahau kuishika. Lakini walipokuja mume na mke, wakakaa kwa adabu na nafasi kati yao, mstari ulipita hapo hapo katikati kutoka juu hadi chini. Mke aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akamtazama mumewe.

"Kumbe umeshaamua," alisema.

Mjomba hakuthubutu kuwatoza hata senti.

Siku ya soko mama alikuja kuona kama nimepona. Alizunguka chumba, akaukaribia ukuta, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mtoto homa.

"Nani alisiliba hapa?"

Tukatazamana, wanaume watatu: mjomba, fundi na mimi.

"Ndiyo maana," alisema, akavua viatu.

Kwetu mwanamume husimamisha miti, hufunga fito, hurushia udongo, na kazi yake inaishia hapo. Kuulainisha ukuta ni kazi ya wanawake. Wanakuja na maji na viganja, na mwanamume anayebaki karibu huonekana anatafuta uji. Sikuwahi kuuliza kwa nini, jambo linalonishangaza, maana niliuliza karibu kila kitu kingine katika nyumba ile.

Fundi alicheka. "Dada, hili si tope la kwenu Igoma. Hili ni jasi."

"Na wewe si mwanamke, ndiyo maana umeshindwa. Leta maji."

Tulikwangua puti yote. Mama alisema kiungo bila kitambaa ni kidonda bila bandeji, kitafunguka tu. Akakata chandarua kilichochakaa vipande virefu, upana wa vidole vitatu. Swali likawa la gundi. Wakati huo miti, milango na mawe yote ya Mwanza yalikuwa yamebandikwa matangazo ya mikutano, na kila mtu alijua yamebandikwa kwa uji mzito wa muhogo. Mvua ilipiga, jua likapiga, matangazo yakabaki. Mama alitaja muhogo, mjomba akaitikia, na fundi, kwa mara ya kwanza, akamuunga mkono. Mimi niliuliza mambo mengi siku ile, kuhusu unene wa uji, kuhusu joto lake, kuhusu upande upi wa chandarua. Sikuuliza nani mwingine katika jengo lile alipenda muhogo.

Tulibandika, tukafunika kwa jasi, tukaenda nyumbani tumeridhika. Asubuhi vipande vya chandarua vilikuwa vinaning'inia ukutani kama ndimi za mbwa waliokimbia sana, jasi imemwagika chini vipande vipande, na mende wawili wanene walikuwa bado wanatembea juu ya kiungo cha kati bila haraka, kama wageni wanaotoka kwenye karamu.

Mjomba hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika magoti yake.

"Mizani haina mende," alisema.

Nilijua anasema nini. Sherehe za uhuru zilikuwa zinakaribia. Shule zilikuwa zinafanya mazoezi ya gwaride, mafundi cherehani hawalali, na kila mtu mwenye shati jipya alisema lazima apigwe picha nalo. Wiki hiyo ndiyo ingemweka mjomba mjini au kumrudisha kiwandani. Studio zingine zilikuwepo, zenye mapazia yaliyochorwa ndege na maua, na hakuna aliyekuwa ananyongwa huko.

"Inuka," mama alimwambia. "Umeona mende wangapi wamekula kidonda cha ng'ombe kilichopakwa mrututu?"

Hakungoja jibu. Alikwenda kwa muuza dawa, akarudi na vipande vya mrututu vya buluu kwenye karatasi, akavisaga, akavichanganya na uji wake wa muhogo. Alikataa kabisa kuuacha muhogo. Alisema mende si sababu ya kubadilisha dini. Uji ukawa na rangi ya maji ya ziwa wakati wa kiangazi, chandarua kikabandikwa upya, na asubuhi iliyofuata kilikuwa bado mahali pake. Mende mmoja tulimkuta sakafuni, miguu juu.

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza. Mama alipakaa jasi kwa kiganja, akilowanisha, akizungusha, mpaka viungo vikawa laini kuliko bamba lenyewe. Alifumba macho, akapitisha mkono.

"Shavu la mtoto," alisema.

Fundi akachukua rula yake ndefu ya mbao, akailaza juu ya kiungo. Ilicheza kama jahazi: ukikandamiza huku, inainuka kule.

"Laini, ndiyo," alisema. "Sawa, hapana. Hili ni shavu lenye uvimbe wa jino."

Nikafungua dirisha. Kweli, mstari mwembamba umekwisha, na mahali pake pamekuja tuta la mviringo lenye kivuli cha ukungu. Mteja hangenyongwa tena. Angeonekana ana moshi kichwani.

"Nitalikwangua tuta," fundi akasema.

"Utafika kwenye chandarua," mama akasema. "Unataka kumvua nguo mtu hadharani?"

"Sasa dada, unataka tuongeze? Tuta linakwisha kwa kuongezwa?"

Wakaendelea hivyo, wakirudishiana maneno kwa raha, kila mmoja akimwita mwenzake mkaidi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, shavu ukutani, jicho moja limefumba, natazama kivuli. Kilianza pale jasi ilipoanza kupanda. Mpando ulikuwa mfupi, upana wa kiganja, kwa hiyo ulikuwa mkali.

"Jamani," nilisema, "mpando ukianzia huku mbali, upana wa mkono mzima, kivuli kitaanzia wapi?"

Fundi akarudisha kofia nyuma.

"Msomi anasema tuufiche uvimbe kwa kuuvimbisha uso mzima."

"Kidogo kidogo," nilisema. "Mpaka jicho lisijue."

Mama alinitazama kwa mashaka, lakini akasema, "Kama barabara ya Musoma. Unatembea na mzigo hujui kama unapanda, mpaka ukigeuka unaona mji uko chini."

Fundi alikwenda kwake, akarudi na bati la msumeno wa zamani, pana, ameung'oa mpini na kuyasaga meno yote, akalipigilia kwenye kipande cha mbao. Jasi ilikuwa na haraka. Ilikauka ndoo ikiwa bado nusu. Akaichanganya na maji ya gundi yake ya ngozi, ile ya kuchemsha, ikatulia ikatupa muda. Alivuta tabaka la kwanza, jembamba. Lilipokauka akavuta la pili, pana zaidi. La tatu lilikuwa pana hata viungo vikakaribia kugusana, na unene wake pembeni ulikuwa kama pumzi kwenye kioo. Lakini bati liliacha michirizi, na hapo akasimama mwenyewe, akatoa nafasi bila kuombwa. Mama alifunga kipande cha ngozi laini kiganjani, akakichovya maji, akaifuta michirizi moja baada ya nyingine wakati jasi ilikuwa haijawa ngumu wala haijawa tope.

"Wahi, dada, inakauka!"

"Nikiwahi nitachimba. Shika taa yako mdomoni unyamaze."

"Taa sina."

"Basi nyamaza bila taa."

Kusugua kwa msasa kulikuwa kazi yangu na mjomba. Vumbi la jasi halina huruma. Liliingia puani, masikioni, kwenye chai. Nilitoka nje kupumua, msichana wa shule aliyepita na kichupa cha wino akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo babu." Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nikaitikia marahaba, maana sikuona njia nyingine ya heshima kwa sisi wote wawili. Mjomba alicheka hata akakohoa, naye alikuwa mweupe mpaka kope.

Baada ya rangi kukauka, mjomba hakutaka mtu yeyote akae. Alifungua dirisha, akaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera, akapiga picha ya ukuta mtupu. Kisha akajifungia kwenye chumba chake cha giza. Tulikaa kwenye benchi, mama, fundi na mimi, tukisikia maji yakimwagika nyuma ya mlango. Fundi alichezea rula yake. Mama alisema kama kuna mstari, atakwenda mwenyewe kiwandani kumwomba msimamizi ampokee ndugu yake, na hakusema kwa mzaha.

Mjomba akatoka na karatasi iliyolowa, akaishika kwa ncha za vidole mbele yetu.

"Hii ni nini?" fundi aliuliza.

"Ukuta."

"Sioni kitu."

"Tazama vizuri."

Fundi alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Ilikuwa kijivu kuanzia ukingo hadi ukingo, kama mbingu kabla ya mvua.

"Wallahi sioni kitu!"

Mjomba akamkumbatia, karatasi mbichi ikiwa kati yao. Mama aliguna, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasingizia vumbi.

Mteja wa kwanza wa ukuta mpya alikuwa mwanamke muuza samaki, mpana, mwenye sauti ya kusikika upande wa pili wa ghuba. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Hapa ndipo kwa Mnyongaji?"

"Ndipo," mjomba alisema. "Karibu, mama."

"Wenzako wana ndege za kuchora, wana maua. Wewe una nini?"

"Sina kitu."

Aliutazama ukuta, akauzunguka kwa macho. "Afadhali," alisema. "Maua yale kila nikipigwa picha yananiota masikioni. Nipige mimi tu." Akarudi nyuma ajiegemeze, nywele zake zinang'aa mafuta.

"Usiegemee!" mama alipiga kelele. "Ukuta huo una kazi ya watu! Sogea mbele. Mbele tena. Nyoosha mgongo, usije ukalala."

Picha yake ndiyo iliyowekwa kwenye dirisha la barabarani. Amesimama peke yake katikati ya kijivu, pua yake ni pua, mashavu ni mashavu, anakutazama kana kwamba umemwomba punguzo. Kesho yake walikuwepo watu mlangoni kabla mjomba hajafungua. Wakaja waalimu, wakaja makuli wa bandarini, kwaya nzima kutoka Mkolani, wazee wa msikitini na wajukuu wao wenye vibendera vya karatasi mkononi. Mama hakurudi Igoma wiki nzima. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya ukuta, nje kidogo ya macho ya kamera, na kila aliyeingia, awe mkubwa awe mdogo, aliambiwa lile lile. Mzee mmoja alijaribu kumwambia kwamba yeye ana mgongo mbovu. Mama alimpa shikamoo, akamwambia usiegemee.

Mwisho wa mwaka mjomba alikwenda kiwandani kumshukuru msimamizi wake na kumwambia nafasi ampe mwingine. Alirudi na ukoko wa vumbi la pamba mabegani, akajikung'uta nje kabla ya kuingia.

Picha za wiki ile bado ziko kwenye kuta nyingi za Mwanza. Nikialikwa chakula mahali, mwenye nyumba hunionyesha baba yake au shangazi yake, amesimama wima, kifua mbele, shingo imenyooka, hakuegemea chochote. "Ona," huniambia. "Ona uhuru ulivyowanyoosha watu." Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilifungua mdomo nimweleze habari za mafuta ya nywele na mwanamke wa kwenye kigoda. Kisha nikaitazama picha tena, nikaliona tabasamu, nikaendelea kula. Mama aliwaambia wasiegemee, hilo nina hakika nalo. Hakumwambia hata mmoja wao atabasamu.